Evelina na Mkono Uliofungwa

Kama kuna mwanamke Mkuyuni aliyekuwa na haki ya kuyachukia masumbwi, ni Evelina. Aliolewa na kocha, akazaliwa tumbo moja na bondia, na ulingo wenyewe ulikuwa uani kwake: nguzo nne na kamba zilizochakaa juu ya jiwe bapa, mahali ambapo wanawake wenzake huanika mihogo. Yeye alianika nguo kwenye kamba za ulingo, na kila jioni alizikuta chini, zimekanyagwa na watu waliosema samahani huku wakizikanyaga tena.

Riziki yake ilikuwa banda la chakula, pale pale mbele ya nyumba, hatua chache kutoka sokoni. Banda lilikuwa na pande mbili zilizotenganishwa na pazia la turubai. Mbele kulikuwa na meza, mabenchi na wateja. Nyuma kulikuwa na majiko, ndoo za samaki na siri yake. Mbele alipakua, alipokea na kusalimia kwa mkono wa kulia kama mtu yeyote mwenye adabu. Nyuma ya pazia alishika kisu kwa mkono wa kushoto, akapara sato kwa kasi ambayo mkono wa kulia haukuwahi kuifikia hata siku moja.

Alizaliwa hivyo. Mama yake, Tereza, aliliona jambo hilo Evelina akiwa bado anatambaa, na hakulichukulia kwa mzaha. Kila asubuhi kule Magu alimfunga mtoto mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, akaufunga kiunoni, ndipo akamwekea uji. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akiwaambia majirani, na majirani walimsifu kwa malezi. Evelina alijifunza kula, kuandika, kulima na kusuka ukili kwa mkono aliopewa. Kila kitu alikijua nusu nusu. Kisu tu ndicho kilichokataa, maana alipokishika kwa mkono wa kulia alijikata mwenyewe.

Alipofungua banda aliamua kwamba hakuna mtu atakayejua. Watu wa Mkuyuni wanasamehe mengi, hata chumvi ikizidi, lakini chakula cha mkono wa kushoto hawali. Machinga hawali, wauza nguo hawali, na Jitesh wa duka la spea, aliyekuja kila mchana kula wali na maharage, naye hali: kwao India na kwao Mwanza mkono huo haugusi chakula cha mtu. Kwa hiyo akisikia hatua za mtu nyuma ya pazia, kisu kilihamia kulia. Hata zikiwa hatua za mumewe.

Sasa tuje kwa huyo bondia. Obedi alikuwa mdogo wake wa mwisho, kifua kipana, maneno machache, na ngumi ya mkono wa mbele iliyowalaza watu kuanzia Bukoba hadi Musoma. Watu walianza kumwita bingwa kabla hajapewa mkanda wowote. Ndipo mwaka jana akakutana na Masalu wa Kahama, na Masalu alikuwa wa kushoto.

Mtu wa kushoto ulingoni ni kero. Anasimama kinyume, mguu wa kulia mbele, kwa hiyo miguu yenu inakanyagana kila mkisogeleana. Ngumi uliyoizoea inapita pembeni ya kichwa chake, na yake inatokea upande ambao hujawahi kuchungulia. Obedi alipiga hewa jioni nzima mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wamwone. Alirudi nyumbani jicho limefungika kabisa, na Evelina ndiye aliyelikanda kwa maji ya chumvi siku baada ya siku, akihofia kwamba halitafunguka. Lilipofunguka, lilikuwa na kovu kwenye nyusi.

"Dada," Obedi alimwambia siku hiyo, "akinipiga tena huyu mtu, mimi basi. Navua glovu, narudi Magu kuchunga ng'ombe za marehemu baba."

Evelina angeweza kufurahi. Kamba za nguo zingekuwa zake. Lakini alimtazama mdogo wake akijaribu kumimina chai na kuimwaga nje ya kikombe kwa sababu ya jicho moja, na roho ilimuuma. Hakutaka aache masumbwi kwa namna hiyo. Kama ni kuacha, aache akiwa na macho mawili na heshima yake.

Pambano la marudiano lilipangwa, na mumewe akashikwa na wazimu.

Mumewe ni Masele, mtu mwembamba mwenye taulo shingoni mwaka mzima. Sifa yake Mwanza nzima ni jicho. Wanasema jicho la kocha Masele linaona bega la mtu likitaka kusogea kabla mwenyewe hajaamua. Mtu huyo mwenye jicho alianza kuleta dawa mpya kila wiki. Kwanza alileta kioo kikubwa cha kabati, akakisimamisha juu ya jiwe. Alieleza kwamba mtu akijitazama kwenye kioo anamwona mtu wa kushoto, kwa hiyo Obedi apigane na kioo. Wazo halikuwa baya, ila kioo hakirudishi ngumi. Obedi alikaa siku tatu akijitazama kifua, ya nne upepo wa ziwani ukakiangusha, na Evelina akaokota vipande uani hadi Kwaresima.

Baada ya hapo Masele aliamua kutafuta mtu halisi wa kushoto wa kufanya mazoezi na Obedi. Alizunguka jiji zima. Alikwenda mwaloni kwa wavuvi, alikwenda stendi ya Buzuruga, alipanda vilima vya Ilemela kwa wanaoponda kokoto, na kila alipomwona mtu anayeshika kitu kwa kushoto alimsogelea kwa upole. Jibu lilikuwa moja. Watu walificha mkono nyuma na kusema, "Nilikuwa wa kushoto zamani, nimeshaacha." Walisema kama watu walioacha pombe. Mmoja, seremala wa Buzuruga, alikubali kuja. Alipovishwa glovu alisimama kama mtu wa kulia, akaeleza kwamba kwao mkono wa kushoto ni wa randa tu, kumpigia binadamu mwenzako ni dharau. Mwingine alikuja akapigana vizuri sana kwa kushoto, hadi ilipogundulika kwamba mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye bodaboda na haunyooki.

Jioni Masele alikuja nyuma ya pazia, akakaa juu ya kreti la soda mbele ya mkewe, akalalamika.

"Mama Kija, Mwanza yote hii hakuna mtu wa kushoto. Wameisha."

Kija ni binti yao, yuko shule ya bweni Bariadi, na bahati yake kwamba alikuwa mbali. Evelina alikuwa na sato mikononi. Hapo zamani angekuwa amekwisha kuhamisha kisu, lakini siku hiyo hakukihamisha. Uvivu au hasira, hata mwenyewe hakujua. Aliendelea kupara kwa kushoto, magamba yakimrukia mumewe hadi magotini, akasubiri jicho maarufu lifanye kazi yake.

Masele alitazama mikono ya mkewe muda mrefu.

"Huyo sato mkubwa," alisema. "Umempata wapi?"

Evelina alimeza maneno. Aliyameza kesho yake pia, na keshokutwa. Kila jioni mwanaume alikaa kwenye kreti, akaangalia kisu kikienda na kurudi, akalia kwamba watu wa kushoto wameisha duniani. Mtu mwingine angesema, "Baba Kija, si mimi hapa?" na mambo yangekwisha. Lakini kulikuwa na wateja wa kuwafikiria, na zaidi ya wateja kulikuwa na kiburi. Ameishi na mtu huyo miaka kumi na tisa. Jicho linalosifiwa redioni lione lenyewe.

Pambano lilipokaribia, mama Tereza alikuja kutoka Magu na furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kumwombea mwanawe. Uzee ulikuwa umemnyang'anya meno na nusu ya masikio, lakini kwenye mkono wa Evelina alikuwa macho kama askari wa zamu. Binti ana miaka arobaini na tatu, ana mtoto wa bweni, ana banda lake. Akinyoosha mkono wa kushoto kuchukua kifuniko, sauti inatoka kwenye kona: "Mkono, Evelina." Basi. Neno moja na jina. Na Evelina, kwa aibu ya kujitakia, aliurudisha.

Mambo yaliharibika mchana mmoja banda likiwa limejaa. Obedi alikuwa anapunguza uzito, kwa hiyo alikuwa na njaa ya mbwa koko. Alipenya nyuma ya pazia wakati dada yake anasonga ugali wa wateja, akachomoa kipande cha sato kwenye karai la mafuta, kipande cha Jitesh... hapana, Jitesh hali samaki; kilikuwa cha mwenyekiti wa soko, ambaye kuchelewa kwa chakula chake kulikuwa na matokeo. Evelina alimwona kwa pembe ya jicho. Hakufikiri. Mwiko ulitoka kwenye ugali kwa mkono wa kushoto, ukamkuta Obedi sikioni.

Obedi, aliyewahi kukwepa ngumi za watu waliofanya kazi ya kumpiga, alisimama na samaki mdomoni kama mtu aliyepigwa na nguzo ya umeme. Hakuuona ukija. Masele, aliyekuwa anaingia nyuma yake, naye alisimama.

"Rudia," Masele alisema.

"Nirudie nini?"

"Mpige tena. Obedi, inua mikono."

Kama kuna ombi ambalo Evelina alilitimiza kwa moyo mkunjufu katika ndoa ile, ni hilo. Obedi aliinua mikono kama alivyofundishwa, na mwiko ukapita mahali ambapo hakukuwa na mkono, ukamkuta tena. Aliruka upande wake wa kulia kama alivyozoea, akaufuata mwiko mwenyewe. Alijikwaa kwenye ndoo, akashika pazia, na pazia likaanguka lote.

Banda zima liliwaona: bingwa chini na ugali usoni, kocha mdomo wazi, na mama lishe wao ameshika mwiko kwa kushoto.

"Mama Kija," Masele alisema polepole, "wewe ni wa kushoto."

"Nashukuru kwa taarifa, baba Kija."

Na kutoka kwenye kona: "Mkono, Evelina."

Wateja waliacha kutafuna. Wengine walizitazama sahani zao kana kwamba zimesema kitu kibaya. Evelina alijua kwamba bado kulikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kucheka, akasema mkono wa kulia unauma, akaning'iniza pazia, na siku ikaendelea. Kisha akaliona kovu kwenye nyusi ya mdogo wake, chini ya ugali. Alichukua kisu kwa mkono wa kushoto, akavuta sato mwingine, akampasua mbele ya wote.

"Mmekula hivi tangu nilipofungua," alisema. "Anayetaka akae. Asiyetaka, sahani aiache mezani nitaiondoa mwenyewe."

Mwenyekiti wa soko aliondoka bila samaki wake, na machinga wawili wakamfuata. Jitesh alibaki amekunja uso, kijiko mkononi, anapambana na mambo ya kwao. Mwishowe aliusogeza wali upande mmoja wa sahani.

"Miaka yote hii sijaumwa tumbo," alisema. "Niongezee maharage, mama. Lakini kwa mkono wa kulia, tafadhali."

Ndivyo Evelina alivyovishwa glovu. Kila alasiri alipomaliza vyombo alipanda juu ya jiwe, kanga kiunoni, na kumpiga mdogo wake. Hakujua masumbwi na hakutaka kuyajua. Kazi yake ilikuwa kusimama kinyume na kutupa mkono. Kazi ya kufikiri ilikuwa ya Masele, na kwa haki lazima isemwe kwamba alipompata mtu wa kumtazama, alitazama kweli.

"Obedi, mguu wako wa mbele uwe nje ya mguu wake wa mbele. Nje. Ukiwa nje, kushoto kwake kunakosa njia, na kulia kwako kuna barabara ya lami hadi usoni. Zunguka kwenda kushoto kwako, uukimbie ule mkono. Na ngumi ya kulia itangulie."

"Kocha, ulinifundisha ngumi ya nyuma haitangulii. Mbele kwanza."

"Nilikufundisha kwa watu wa kulia."

"Ulisema kwa watu wote."

Mabishano hayo yalichukua wiki. Obedi kichwani alielewa. Miguu ndiyo iliyogoma. Miaka kumi imezoea kwenda kulia, na kila akichoka ilirudi kulia, moja kwa moja kwenye ngumi ya dada yake. Evelina alimpiga hadi akachukia kumpiga.

"Unakuja kwenye mkono," alimwambia akihema. "Nimesimama hapa sijaondoka, mkono uko hapa, na wewe unakuja kwenye mkono. Kwa nini unakuja kwenye mkono?"

"Dada, ni mazoea."

Evelina alilijua neno hilo vizuri kuliko wote waliokuwa pale. Alijua ilivyo kuuambia mwili ufanye kinyume na unavyotaka, na alijua unavyofundishwa: kwa maumivu, kila siku, mpaka unyamaze. Alimwonea mdogo wake huruma, na hakupunguza ngumi. Chini ya jiwe mama Tereza alikaa kwenye kiti cha plastiki akichambua mchele, na kila ngumi ya kushoto ilipotua alinong'ona, "Mkono, Evelina," na ngumi iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Obedi hakujua kwamba nyingine hazikuwa zake.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa Ilemela, feni moja kwa watu wote. Evelina alibeba ndoo na sponji kwenye kona ya Obedi, kwa sababu Masele alisema hatakubali akae mbali. Mama Tereza aliwekwa mstari wa mbele na rozari yake.

Raundi mbili za kwanza zilikuwa kama mwaka jana. Masalu aliteleza, akakanyaga, akatupa mkono wake wa kushoto kutoka kusikojulikana, na kovu la Obedi likaanza kutoa damu. Evelina alimtazama Masalu kwa hasira, kisha kwa kitu kingine kilichomshangaza mwenyewe. Mkono ule ulikwenda bila kuomba ruhusa. Haukuwa nusu nusu, wala haukusikiliza hatua za mtu nyuma ya pazia. Mtu yule hakufungwa kitambaa, na Evelina alimwonea wivu mbele ya ukumbi mzima, damu ya mdogo wake ikiwa kwenye sponji mkononi mwake.

"Huyo mtoto hana mama?" mama Tereza aliuliza kwa sauti, na mstari wa mbele wote ukasikia.

Obedi alirudi kwenye kona akakaa. Masele alimwinamia, akaanza kueleza habari za mguu, bega, pembe na pumzi, maneno ya saa nzima kwa dakika moja. Evelina alimsukuma pembeni kwa kiwiko.

"Obedi. Unakuja kwenye mkono."

Obedi alimtazama kwa jicho lisilo na damu. Aliitikia kwa kichwa, akainuka.

Raundi ya tatu aliuweka mguu nje. Ulirudi ndani, akautoa tena. Masalu alitupa ngumi ya kushoto kama kawaida, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu pale ilipofika. Ngumi ya kulia ya Obedi, bila kutanguliwa na chochote, ilimpata katikati ya uso. Haikuwa kali sana, lakini Masalu alipepesa macho kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Tangu hapo Obedi hakumkimbiza. Alizunguka kushoto, akasubiri, akapiga kulia, akazunguka. Raundi ya tano Masalu alikaa chini akahesabiwa, akainuka, na hadi kengele ya mwisho alikuwa anatafuta mtu ambaye kila mara alikuwa ameshaondoka. Majaji wote watatu walimpa Obedi.

Waandishi walimzunguka Masele. Walimuuliza siri ni nini.

"Jicho la kocha," Masele alisema, akajifuta kwa taulo. Evelina alikuwa nyuma yake na ndoo. Aliimwaga ile ndoo karibu kabisa na viatu vyake, ila kwa bahati mbaya haikumpata.

Kesho yake banda lilikuwa na watu kuliko kawaida, hata mwenyekiti wa soko, aliyeagiza samaki wake akitazama barabarani. Pazia halikuwa limerudishwa. Mama Tereza alikaa karibu na jiko. Evelina alichukua kisu, kikakaa kushoto. Alisubiri lile neno na halikuja, na ukimya ule ulimuudhi kuliko neno lenyewe.

"Mama," alisema, "ulinifunga kwa nini? Niambie leo."

"Ili uolewe," mama alijibu, kana kwamba ni jambo la wazi. "Mwanaume akiuona ule mkono angekukataa. Ng'ombe zingerudishwa. Nilikuogopea."

Hapo uani, mbele yao, Masele alikuwa anatafuta taulo lake. Alitazama juu ya kamba za ulingo, akainama chini ya benchi, akamuuliza Obedi, akafungua ndoo ya samaki akachungulia. Taulo lilikuwa shingoni.

"Mama," Evelina alisema, "mtu mwenyewe si huyo?"

Mama Tereza alimtazama mkwewe akifunika ndoo na kwenda kutafuta nyuma ya nyumba. Alimtazama hadi akapotea kwenye kona.

"Asingeona," alisema mwishowe.

"Asingeona, mama."

"Basi nilihangaika bure."

"Wewe ulifunga kitambaa tu," Evelina alisema. "Aliyehangaika ni mimi."

Mama alikaa mikono mapajani, akiitazama mikono ya binti yake. Kisha aliinama, akashika beseni la samaki lililokuwa upande wa kulia wa Evelina, akaliburuta kwa taabu kwenye sakafu, akaliweka kushoto.